Chombo cha Anga Chenye Sikio Bovu

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na tabia ya kuanza somo akiwa bado kwenye korido, hivyo sentensi yake ya kwanza hatukuwahi kuisikia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, na chaki zilimvunjikia mkononi kwa jinsi alivyoandika kwa nguvu. Asubuhi moja, nikiwa kidato cha tatu katikati ya miaka ya tisini, aliingia darasani akimalizia kusema, "Na mpaka leo vinaongea."

"Nini kinaongea, Mwalimu?" msichana mmoja akauliza.

Mwalimu alichora jua ubaoni, kisha mduara baada ya mduara kulizunguka, mpaka ubao ukamwishia. Nukta mbili za mwisho alizichora ukutani, nje kabisa ya ubao. Hizo, alisema, ni vyombo viwili vilivyorushwa mwaka wa sabini na saba, kabla sisi hatujazaliwa. Vilitengenezwa vikazitazame Mshtarii na Zohali, kazi ya miaka michache tu. Lakini vilipoimaliza vilikuwa bado vizima, na waliovituma wakavipa kazi nyingine, halafu nyingine tena, mpaka vikazipita sayari zote kubwa. Umeme wake ulikuwa ukipungua kila mwaka, kwa hiyo watu wa duniani walikuwa wakizima kitu kimoja leo na kingine kesho. Kamera zilikuwa zimeshazimwa. Hata hivyo kila siku vilituma habari, na sauti yake ilifika duniani ikiwa imechoka sana, mpaka ikahitaji madishi mapana kama uwanja wa mpira ili kuidaka. Ukivitumia neno saa ya chai ya asubuhi, alisema, jibu linakukuta umeshalala.

"Vimezeeka," akaongeza, "lakini hakuna aliyeviambia vistaafu."

Tulicheka. Ndipo akatueleza jambo lililoanzisha haya yote ninayoyasimulia. Kimoja kati ya vyombo hivyo kiliharibika sikio kikiwa hakijamaliza hata mwaka safarini. Redio yake ya kupokea amri ilikufa. Ile ya akiba ilipowashwa, nayo ikaonekana ina kasoro: ilisikia sehemu moja nyembamba tu ya mawimbi, kama redio ambayo kitufe chake cha kutafutia stesheni kimekwama. Tena sehemu hiyo haikutulia. Chombo kikipata joto kidogo, inahama. Kikipoa, inahama tena.

Msichana niliyekaa naye dawati moja akanyoosha mkono. Nilishtuka, kwa sababu mwaka mzima sikuwa nimeuona mkono huo juu.

"Kwa nini hawakukiacha?" akauliza. "Si kilikuwa kiziwi?"

"Hakikuwa kiziwi," mwalimu akasema. "Kilisikia, lakini mahali pamoja tu. Kwa hiyo kazi ya kupatafuta mahali hapo ikawa ya watu wa duniani. Wanapiga hesabu leo chombo kina joto kiasi gani, wanajua sikio limehamia wapi, halafu wanaongea hapo hapo. Wamefanya hivyo miaka yote hii, na kinatii."

Mwenzangu alishusha mkono, akafunga kitabu. Kengele ilipolia akaniambia, "Kwenye mashindano ya sayansi tutaenda na hicho chombo. Mimi na wewe."

Hakuniuliza kama nataka. Ndivyo alivyokuwa.

Lazima nieleze kuhusu masikio yake. Akiwa mdogo aliugua homa kali, na alipopona sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilibaki, lakini lilisikia kwa namna yake. Sauti nzito alizisikia vizuri. Sauti nyembamba zilimpita kama upepo. Mlio wa kengele ya chakula hakuusikia, ila gari la kubeba majani ya chai lilipopanda mlima ng'ambo ya pili alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Walimu wengi hawakulijua hilo. Wenye sauti nzito walimwona mwerevu, wenye sauti nyembamba walimwona mkaidi, na ripoti yake ilionekana kama ya wasichana wawili tofauti. Mimi nilikaa upande wake wa kulia, nikimrudia kwa sauti ya chini yale aliyoyakosa, na kwa sababu hiyo tuliitwa mbele mara nyingi kwa kosa la kupiga kelele.

Kwao kulikuwa Nyamache, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato. Likizo iliyopita baba huyo alikuwa ameisoma ripoti, akaamua kwamba mambo yasipobadilika muhula huo, binti yake angeacha shule aende kujifunza ushonaji Ogembo, ambako shangazi yake alikuwa na kibanda sokoni.

"Na wewe ulisema nini?" nilimuuliza.

"Nilisema cherehani ina mlio mwembamba," akanijibu. "Nitajidunga vidole vyote kabla sijajua inazunguka."

Hakuwa akilalamika. Alikuwa ameshaamua kwamba haendi Ogembo, na alichokuwa akitafuta ni njia ya kutokwenda.

Wazo la chupa lilikuwa lake. Alisema kwamba zamani, wakiteka maji kisimani, alikuwa akiweka sikio kwenye mdomo wa mtungi mtupu na kusikiliza wanawake wakiongea. Sauti moja ilikuja kubwa, nyingine zikabaki ndogo, kana kwamba mtungi unachagua. Tulipompelekea mwalimu wa fizikia habari hiyo, alikaa juu ya meza ya maabara kwa furaha. Kila chombo kitupu chenye shingo nyembamba kina noti yake ya muziki, alisema. Noti hiyo ikipita karibu, chombo kinaitikia. Ukitia maji ndani, noti inahama.

"Inahama," mwenzangu akarudia. "Kama lile sikio."

"Kama lile sikio," mwalimu akakubali. "Sasa nitafutieni chupa kubwa, na kitu cha kutoa sauti nzito."

Chupa tuliipata mjini Kisii, siku tuliyopewa ruhusa ya kwenda kununua vitu vya shule. Kulikuwa na duka la familia ya Wahindi lililouza kila kitu, kuanzia misumari hadi viungo vya pilau. Mama mwenye duka alizaliwa hapo hapo mjini, na Ekegusii chake, lugha ya kwetu, kilikuwa safi kuliko cha walimu wetu waliotoka nje. Nyuma ya kaunta alikuwa amepanga chupa kubwa za kioo zilizokuja na siki, zikisubiri kuoshwa.

Tulimwomba ruhusa tuzisikilize. Alitutazama juu ya miwani.

"Chupa mnanunua kwa macho," alisema. "Leo mnanunua kwa masikio?"

"Ni za sayansi, Mama," nikasema.

Akatupisha nyuma ya kaunta. Mwenzangu aliinama, akaweka sikio la kulia kwenye mdomo wa chupa ya kwanza, na mimi nikasimama mlangoni nikiimba noti moja kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepasha koo kabla ya kwaya. Wateja waligeuka. Mzee mmoja aliyekuja kununua jembe alimuuliza mwenye duka kama watoto hawa ni wazima. Mwenzangu hakumjali. Alikataa chupa ya kwanza, akakataa ya pili. Kwenye ya tatu alinyoosha mkono nikiwa kwenye noti nzito kabisa niliyoweza kuitoa, na akanionyesha nisihame hapo.

"Hii," alisema.

Mama mwenye duka akaja, akavua miwani, akainama yeye mwenyewe. Niliimba tena. Uso wake ulibadilika.

"Miaka yote naziosha hizi," alisema, "sikujua zinaimba."

Alitukabidhi ile chupa twende nayo, kwa sharti kwamba tukimaliza tumrudishie na tumweleze tulifika wapi. Tulifanya yote mawili.

Kwa upande wa sauti, mimi ndiye niliyejua pa kwenda. Kwetu Nyamira, nyumbani kwa bibi yangu, kulikuwa na obokano ya babu. Asiyeijua aifikirie kama kinubi kikubwa chenye tumbo la mti lililovikwa ngozi, nyuzi nane, na sauti inayonguruma mpaka unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Babu alipofariki ilitundikwa ukutani na hakuna aliyeigusa. Wanawake kwetu hawakuwa wakiipiga, sembuse msichana kama mimi. Nilimkuta bibi akichambua mboga za chinsaga uani, nikamweleza ninachotaka.

"Inaenda kuimba shuleni?" akauliza.

"Inaenda kuongea na chombo kilicho angani, Bibi. Kwa mfano tu."

Alichambua majani kwa muda. "Babu yako akiipiga hapa, watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wanatoka nje," alisema. "Angani sijui kama alijaribu."

"Hatutaipiga mpaka angani. Tutaipiga ukumbini."

"Basi chukua. Lakini usiilaze penye unyevu, ngozi italegea. Na ukiulizwa nani amekupa, sema ni mimi. Nisisikie umesema ni babu yako. Yeye asingekupa."

Mwenzangu alipoiona obokano ikishushwa langoni pa shule, alisimama mbali kidogo. Kwao ala hiyo ilihusishwa na pombe na sherehe za usiku, na baba yake hakutaka hata kusikia ikitajwa.

"Tugawane kazi," aliniambia. "Chupa ni yangu. Hiyo ni yako kabisa. Mimi sijaigusa."

Tulifanya mazoezi nyuma ya maabara kwa majuma kadhaa. Yeye aliketi na chupa upande mmoja, mimi na obokano upande wa pili, tukiwa tumepeana migongo. Nilichokoza uzi mmoja polepole kwa ncha ya kidole, kwa sauti ndogo ambayo aliyesimama kati yetu hakuisikia. Ukiwa ule uzi ambao chupa iliutaka, aliinua mkono, na mwalimu akaniambia kwamba mkono umeinuka. Kisha mwalimu alitia maji ndani ya chupa. Uzi ule ule sasa haukusikika tena, nami nikahamia wa pili, wa tatu, nikitafuta sikio limehamia wapi. Mwanzoni nilibahatisha. Baadaye nilianza kujua: maji yakiongezeka kiasi hiki, uzi ni huu. Mwalimu alisema hiyo ndiyo kazi yenyewe, ile wanayoifanya watu wenye vyombo vyao angani, ila wao hawana nafasi ya kubahatisha, kwa sababu jibu linachelewa.

Nikiri kwamba nilikuwa na uhakika wa kushinda. Wote wawili tulikuwa nao. Tulikuwa na umri ambao mtu akipata jambo la kweli mkononi haoni kwa nini dunia isimpishe.

Mashindano ya wilaya yalifanyika siku ya Ijumaa, katika ukumbi wa shule moja upande wa Nyanchwa, juu ya mji. Tulifika na lori la shule, obokano imefungwa blanketi langu, chupa ikiwa magotini mwa mwenzangu. Ukumbi ulijaa wanafunzi na vitu vyao: jiko la maranda, kikaushio cha mahindi, mtego wa fuko, mashine ya kumenya karanga iliyotengenezwa kwa baiskeli. Tulipofungua blanketi wavulana wa meza ya pili waliangua kicheko, na mmoja akauliza pombe iko wapi. Mwenzangu hakuisikia, au alijifanya hajaisikia. Alikuwa akiipangusa chupa.

Majaji walikuwa watatu, lakini aliyeongea ni mmoja, mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu, mwalimu wa chuo. Walitufikia mchana, mawingu yakiwa yameshajikusanya juu ya mji kama kawaida ya saa zile. Nilieleza kuhusu vyombo viwili. Mwenzangu akaeleza kuhusu sikio. Alieleza vizuri, kwa sentensi fupi, bila kutazama karatasi. Kisha nikaenda mwisho wa ukumbi nyuma ya ubao wa kusimama, nisionekane, na yeye akaketi mbele na kugeuza uso ukutani.

Niliuchokoza uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, mwalimu wetu akasema, "Ameinua."

"Subirini," akasema yule jaji. "Mmefanya mazoezi. Huenda mmekubaliana ni wa nne. Nitatia maji mimi mwenyewe, na wewe wa nyuma usiambiwe ni kiasi gani."

Alichukua jagi. Hapo ndipo mvua iliposhuka.

Anayejua mvua ya Kisii na paa la mabati hahitaji kuelezwa. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote kwa pamoja. Ukumbi mzima ulimezwa na ngurumo ile, na majaji wa meza nyingine wakakunja karatasi zao wakangoja. Jaji wetu akamwinamia mwalimu na kusema kitu. Baadaye mwalimu alituambia alikuwa amesema turudie mvua ikipungua, kwa kuwa hakuna mtu angeweza kusikia kitu katika kelele hiyo.

Mwenzangu alimwona akiongea. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye jagi, kisha kwenye chupa.

Jaji akatia maji. Mimi nyuma ya ubao sikujua kitu. Niliona tu mwalimu akinipungia nianze. Nilipiga uzi wa kwanza, safari hii kwa nguvu zaidi. Mwenyewe nilihisi mtetemo kwenye vidole, lakini sikusikia. Wa pili. Wa tatu. Wa nne, ambao ulikuwa umefaulu kabla. Kimya. Wa tano. Nikafika wa sita, na mwalimu akaruka juu na kunionyesha kiganja: ameinua mkono.

Jaji akamwaga maji kidogo. Nikaanza upya. Mkono uliinuka kwenye wa tano.

Akatia mengi. Nilipita nyuzi zote nane na mkono haukuinuka. Nilirudi mwanzo, nikapita zote tena. Kisha nikafikiri: huenda sikio limepanda kuupita uzi wa mwisho. Nilishika kigingi cha uzi wa nane, nikaanza kuukaza kidogo kidogo huku nikiuchokoza, kama mtu anayetafuta stesheni. Nikakaza, nikachokoza. Nikakaza tena. Na mwalimu, aliyekuwa amesimama mikono kifuani, akaruka tena.

Nilitoka nyuma ya ubao. Jaji alikuwa amepiga goti kando ya kiti cha mwenzangu, koti lake la kijivu likigusa sakafu, na alikuwa amemwomba ampishe. Aliweka sikio kwenye chupa. Akatikisa kichwa, hasikii. Mwenzangu akamchukua mkono, akamwekea kiganja juu ya sikio lake la pili. Nikarudi mbio nikauchokoza uzi. Nilipochungulia nilimwona jaji akitabasamu, macho yamefumba.

"Nasikia," alisema aliposimama. Alilazimika kupaza sauti. "Iko pale chini, kama nyuki. Lakini wewe hukuziba sikio la pili. Uliwezaje?"

Sauti yake ilikuwa nzito, na mwenzangu aliisikia yote.

"Hili la pili halihitaji kuzibwa, Mwalimu," akasema. "Limejiziba lenyewe."

Watu waliokuwa wamekusanyika walicheka, na jaji akacheka nao, kisha akaacha kucheka akamtazama vizuri. Nadhani ndipo alipoelewa.

"Nina swali la mwisho," alisema. "Chombo kimezeeka. Umeme unaisha, sikio bovu, kamera zimezimwa. Kwa nini watu waendelee kuhangaika nacho? Si watume kipya?"

"Kipya kitachukua miaka mingapi kufika pale kilipo?"

"Mingi. Kama ile ile."

"Basi kile ndicho kilichopo pale," mwenzangu akasema. "Hakuna kingine. Kisikiacho kidogo kikiwa mahali pazuri kinafaa kuliko kisikiacho sana kikiwa hapa dukani."

Jaji aliandika. Aliandika kwa muda mrefu.

Ni mimi niliyemwona mwanamume aliyesimama mlangoni, mwavuli ukimchuruzika miguuni. Alikuwa baba yake. Alikuwa amekuja kumchukua ili wafike Nyamache kabla jua halijazama, Sabato isiwakute njiani. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani, lakini alikuwa ameiona obokano, na alikuwa amemwona jaji akipiga goti kando ya binti yake. Nilijiandaa kusema kwamba obokano ni yangu.

Hakuiuliza. Alikuja mpaka mezani, mtu mwembamba aliyevaa suti ya kanisani, akamwambia binti yake jambo. Ndipo nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyembamba na kali kama filimbi.

"Nini, tata?" mwenzangu akauliza. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii.

Akarudia kwa nguvu zaidi, na sauti ikapanda.

"Nini?"

Akarudia tena, ikapanda zaidi. Niliona uso wa mwenzangu ukijifunga, uso ule ule aliokuwa nao kwa walimu waliomwona mkaidi. Mwalimu wetu wa fizikia, ambaye hakuwa mtu wa kusubiri, akamsogelea yule mzee.

"Baba, usiipandishe," alisema. "Ishushe. Ongea kwa kifua, kama unayesoma maneno ya mazishi."

Mzee alimtazama kana kwamba amekosewa heshima. Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Alikohoa, akashusha kidevu, akasema polepole, kwa sauti ya chini ambayo ilionekana kumshangaza yeye mwenyewe, "Nimeuliza. Hicho chombo mnachokisema. Hakikuwa kiziwi?"

"Hakikuwa kiziwi, tata," mwenzangu akajibu mara moja.

Mzee alitazama chupa, akatazama sikio la binti yake, kama anayepiga hesabu ya miaka.

"Mimi nimekuwa nikipanda tu," alisema, bado kwa sauti ile ya chini.

"Ndiyo, tata."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa sijui ni kupanda. Nilijua tu sikusikii."

Akaitikia kwa kichwa. Alimchukulia mkoba, akamfungulia mwavuli, na wakaondoka wakiteremka kilima cha Nyanchwa kwa miguu kuelekea mjini, yeye akitembea upande wa kulia wa binti yake. Hawakusubiri matokeo. Niliyasubiri mimi, na ilipotangazwa kwamba shule yetu ni miongoni mwa zitakazokwenda mkoani, ni mimi niliyepanda jukwaani peke yangu na kupeana mkono na yule jaji. Alinyanyua shingo kutafuta nyuma yangu.

"Yuko wapi mwenzako?"

"Ameenda nyumbani, Mwalimu. Ni Sabato."

"Basi mwambie," akasema, na hakumaliza. Nilimwambia hivyo hivyo Jumapili jioni aliporudi shuleni, kwamba tumepita na kwamba jaji alisema nimwambie.

"Nilijua," akasema. Alikuwa na ndizi mbivu kutoka nyumbani, tukala.

Mkoani, kule Kisumu, tulishindwa. Ukumbi ulikuwa mkubwa na wa zege, hakuna mvua, obokano ililegea kwa unyevu wa ziwa na nikatumia nusu ya muda wetu kuikaza. Jaji wa huko alisema mradi unapendeza ila hauna faida kwa mwananchi wa kawaida. Mwalimu wetu alikasirika njia nzima ya kurudi. Mwenzangu hakukasirika. Alikaa nyuma ya lori akiikumbatia chupa na kunieleza jinsi tungefanya mwaka ujao, na alikuwa ameshajigawia kazi yote nzuri.

Habari ya Ogembo haikutajwa tena. Baba yake alikuja shuleni siku ya wazazi, akaenda kwa mwalimu mmoja mmoja akiwaeleza, kwa sauti nzito ya kujilazimisha, wasimame wapi na waongee vipi. Wengine walikubali, wengine hawakujali. Yule wa historia, aliyekuwa na sauti nyembamba kuliko wote, alianza kumpa maelezo yaliyoandikwa. Ripoti ya mwisho wa mwaka ilikuwa ya msichana mmoja.

Mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne nilimkuta Nyamache siku ya soko, akimsaidia mama yake kuuza ndizi. Redio zilikuwa zimetangaza majuma machache kabla ya hapo kwamba kimoja kati ya vile vyombo sasa kiko mbali na dunia kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu. Nilidhani nitakuwa wa kwanza kumwambia.

"Hicho si chetu," akasema. "Ni kile kingine, chenye masikio mazima. Chetu kiko nyuma yake kidogo."

"Bado kinasikia?"

"Kwa nini kisisikie?"

Kisha akaniambia kwamba amepata nafasi katika chuo cha ualimu, na akimaliza anataka kusomea kufundisha watoto wasiosikia vizuri. Alisema hivyo akiwa amempa mteja mgongo, na mteja, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameuliza bei ya mkungu mara mbili. Nilitaka kumjulisha. Lakini alikuwa ameshaona kivuli cha yule mwanamke juu ya majani ya migomba, akageuka, akauinua mkungu mzima kwa mkono mmoja, na wakaanza kupatana.